Chandarua Tulichokichoma Bangwe

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, ufukweni Bangwe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tulipochoma chandarua cha mjane mmoja huku watu wakipiga makofi. Makofi yale nilipigiwa mimi, maana kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nimeona nianzie hapo hapo kwenye moto. Mzee akianza kwa kukueleza alivyokuwa mwema, jua anatafuta pa kujificha, na mimi nimejificha vya kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani sina kazi. Enzi zile vijana wenye cheti cha sekondari hawakuwa wengi kwetu. Ukipita njiani wazee wanakuita uwasomee barua, nawe unajiona mkubwa. Maji yamenifika kifundo cha mguu, mimi nikadhani nimekwisha kuwa mzamiaji.

Ziwa letu lilikuwa linaumia, na hilo si uongo. Usije ukasoma habari hii ukadhani nakwambia hakukuwa na ugonjwa. Kulikuwa na kokoro, wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini hadi mchangani, na kila kilichokuwa chini yake ulikizoa: samaki wakubwa, vifaranga, mayai, hata majani yanayowaficha. Kuhe, samaki wale wakubwa tuliowaona utotoni, mmoja analisha nyumba nzima na jirani akapelekewa kichwa, walikuwa wamebaki katika mazungumzo. Ghuba ndogo ambamo samaki walizalia ilikuwa inakokotwa kila siku kama mtu anayefagia uwanja. Mtu mwenye macho aliona. Mtu mwenye moyo aliumia.

Mwenzangu Gervas aliumia kuliko sisi wote. Tulisoma pamoja shule ya msingi. Baba yake alipotelea ziwani, hakuonekana tena, na Gervas akalipenda ziwa lile kwa namna ambayo hata leo siwezi kuikejeli. Ndiye aliyeanzisha kikundi chetu. Tulikiita Macho ya Ziwa. Yeye akawa mwenyekiti, na mimi, kwa sababu ya kile cheti, nikawa katibu.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Tulipita nyumba kwa nyumba, tunakaribishwa chai, tunazungumza. Mvuvi mmoja akakubali kuweka kokoro lake pembeni, mwezi ukapita, akakubali wa pili. Wengine walitufukuza kwa utani. Mama mmoja alituambia, "Nyinyi vijana hamna hata mtumbwi wa kuazima, mnatufundisha kuvua? Nendeni mkaoe kwanza!" Tulicheka, tukarudi wiki iliyofuata. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kile kilikuwa kinajaa polepole mno kwa Gervas.

"Katibu," aliniambia siku moja, "tukiendelea kubembeleza hivi, samaki watakwisha sisi bado tunakunywa chai. Nataka neno moja. Neno ambalo mtu akilisikia, mkono wake unatetemeka kabla hajagusa kokoro."

Nikamtungia. Mwanangu, nilikaa nalo siku mbili, nikalisawazisha kama fundi anayelainisha ubao. Mmoja anaita: "Ziwa lina macho!" Umati unaitikia: "Yanakuona!" Siku tulipolitoa kwa mara ya kwanza, lilishika kama moto wa kiangazi. Watoto waliliimba wakienda shule. Wasichana walitaniana nalo kisimani. Mtu akipita na kapu lililofunikwa, sauti inatoka nyuma ya ukuta, "Ziwa lina macho!" naye anafunua kapu lake mwenyewe bila kuambiwa. Niliona hayo nikafurahi. Nilidhani nimewafundisha watu kulipenda ziwa. Kumbe nilikuwa nimewafundisha kugeuka nyuma wanapotembea.

Baada ya neno kikaja kiapo cha kuliacha kokoro. Kila mwenye mtumbwi alitakiwa asimame majini hadi magotini, atumbukize mkono wa kulia, aseme, "Nikivunja agano hili, ziwa linimeze." Wewe uliyelelewa mbali na maji utaona ni maneno matupu. Mvuvi wa Tanganyika hawezi kuyatamka halafu akapanda mtumbwi kwa amani. Anaujua upepo unaoshuka ghafla kutoka milimani. Amewazika wenzake, na wengine hakuwapata awazike. Sisi tulijua hofu hiyo, tukaitumia kama mpini. Niliona wanaume waliokuwa wakitubeba mabegani tulipokuwa wadogo wakiingia majini midomo inawacheza, nami nimesimama ukingoni na daftari.

Aliyeapa alipewa kitambaa cha kijani akifunge mlangoni. Hatukusema popote kwamba asiye na kitambaa asiuziwe kuni, au asisaidiwe kusukuma mtumbwi. Hatukuwa na haja ya kusema. Watu walikuwa wamekwisha kujua kusoma milango.

Wapo wawili waliokataa, nao wanatosha kwa habari yangu.

Wa kwanza ni Mzee Bukuru, fundi mitumbwi, Muha wa asili, mtu wa maneno machache. Alimwuliza Gervas mbele za watu, "Mimi kokoro sijawahi kulishika maisha yangu yote. Niape kwa nini?"

Gervas akamjibu, "Kama hujawahi kulishika, Mzee, unaogopa nini kuapa?"

Umati ukashangilia. Na mimi nikaliona jibu lile ni la dhahabu, nikaliandika. Ilinichukua miaka kuona kwamba ule ulikuwa mtego usio na mlango wa kutokea. Ukiapa umenasa, ukikataa umenasa. Mwanangu, ukikutana na swali la namna hiyo, hata likiulizwa na mtu mwema kwa ajili ya jambo jema, kaa nalo mbali.

Wa pili alikuwa Bi Mwamini. Huyu alikuwa mjane, mwuza dagaa, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Yeye Mwislamu, mama yangu Mkristo, na sikukuu zao walizisherehekea pamoja, huku sahani inakwenda na huku inarudi. Hakuwa na mtumbwi. Alinunua dagaa wabichi asubuhi mitumbwi inapotia nanga, akawaanika mchangani kwenye uwanja wake karibu na mwamba, wakikauka anawauzia wachuuzi wanaopandisha Kasulu. Hakuhusika na kokoro hata kidogo. Lakini Gervas alitaka kila mlango uwe na kijani, akamfuata na kitambaa.

Bi Mwamini alikitazama, akasema, "Mlango wangu una pazia, baba. Hicho kingine nikivalishe nini, dirisha?"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaangua kicheko. Ulikuwa utani tu. Lakini mwenye nguvu za kutisha hawezi utani, mwanangu. Akichekwa mara moja anaona ngome yote inabomoka. Gervas alikikunja kitambaa taratibu, akakitia mfukoni. Sikupenda alivyokikunja.

Hazikupita wiki mbili, vijana wetu wakaleta habari kwamba kwa Bi Mwamini kumeonekana chandarua. Wakati ule wapo watu waliovua kwa vyandarua, wanaziba kijito kinapoingilia ziwani na kuzoa vifaranga wadogo kama punje za mchele. Kwetu hilo lilikuwa kosa kubwa kupita la kokoro. Jumamosi, siku ya mkutano wetu, nilipofika ufukweni nikakuta vijana wamekwisha kumleta, na chandarua kimetupwa mchangani.

Nilimwamkia. Hebu fikiri. "Shikamoo, Bi Mwamini."

"Marahaba, mwanangu," akaniitikia, kama kila siku. "Waambie wenzako wanirudishie kitu changu. Kunguru wanashuka kule kwenye dagaa."

Gervas akanipa kipaza sauti. Sikuuliza neno. Sikuinama kutazama. Nilikuwa nimezoea kwamba tukisema limekuwa. "Ndugu zangu!" nikapaza, "leo Macho yameona! Chandarua cha kuvulia vifaranga kimekamatwa, na mwenyewe huyu hapa!"

Umati ukaguna. Bi Mwamini akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao. "Kuvulia? Mimi nivue kwa miguu hii? Chandarua hicho nafunikia dagaa, kunguru wasinimalize. Kila mwanamke wa hapa anajua. Wewe mwenyewe unajua, mtoto wa Stefania. Kitazame."

Ndipo nikainama. Kilikuwa chandarua kikuukuu cha kitandani, kimechakaa, kimejaa viraka. Viraka vyenyewe vya kanga. Mwanangu, hakuna anayevua kwa wavu wenye viraka vya kanga. Kitambaa kinanywa maji, kinakuwa kizito, kinachana kila kitu. Hakikuwa na maboya, hakikuwa na vyuma vya kukizamisha. Pembe zake nne zilikuwa na vitanzi vya kamba, vya kushikiza kwenye miti. Na kiraka kimoja, chekundu chenye madoa meupe, nilikifahamu. Kilikuwa kipande cha kanga ya mama yangu. Nilibebwa mgongoni na kanga ile.

Basi nilijua. Sikudhani, sikuhisi. Nilijua, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

Nikamwinamia Gervas sikioni. "Huyu mama anasema kweli."

Naye hakukasirika. Ndilo linalonitisha mpaka leo, alizungumza kwa upole. "Katibu, umekwisha kutangaza. Ukirudi nyuma leo, kesho nani atatusikiliza? Kwa ajili ya mama mmoja, ziwa zima life?"

Niliinua macho. Katikati ya umati nilimwona mama yangu mzazi amesimama na beseni lake. Alinitazama, nikamtazama. Nilisubiri aseme. Neno lake moja lingemaliza yote: "Hiyo kanga ni yangu." Sikujua kwamba na yeye alikuwa ananisubiri mimi.

Nikapaza sauti, "Ziwa lina macho!"

"Yanakuona!" umati ukaitikia. Na mdomo wa mama yangu nao ukafunguka, akaitikia pamoja nao, akitazama mchanga.

Gervas akamwambia Bi Mwamini, "Tutakusamehe hapa hapa. Sema tu neno moja, watu wasikie: Mimi ni adui wa ziwa."

Yule mama akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Ziwa hili linanilisha tangu nina meno, na sasa yamebaki mawili bado linanilisha. Niseme mimi adui yake? Sisemi."

"Sema, mama, yaishe," mtu mmoja akamsihi kutoka nyuma.

"Sisemi, baba. Mkitaka nyinyi semeni. Vinywa mnavyo vingi."

Tukachoma. Chandarua hushika upesi, lakini viraka viliungua polepole, vinatoa moshi mweusi. Kisha nikasoma uamuzi, niliouandika palepale kwa mwandiko wangu mzuri: Bi Mwamini asianike dagaa ufukweni Bangwe, wala mtumbwi wowote usimwuzie, mpaka akiri.

Dagaa aliokuwa amewaanika siku ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote ya wiki. Kunguru waliwashukia. Alisimama peke yake anarusha kokoto. Akiwafukuza huku, wanatua kule. Wanawake wenzake walikuwa hatua chache tu, wamekaa, wanatazama. Mmoja aliinuka na tawi mkononi kwenda kumsaidia. Kijana wetu akasema, wala hakupiga kelele, "Ziwa lina macho." Yule mwanamke akakaa.

Hilo neno nililitunga mimi.

Mchana ule mama alinipakulia ugali na migebuka, akaweka, akageuka. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukusema kanga ni yako?"

Akasimama mlangoni, kitambaa cha kijani kinapepea juu ya kichwa chake. "Ningemwambia nani?" akasema. "Katibu?"

Hakuniita mwanangu. Aliniita Katibu. Mwanangu, nimewahi kuugua nikakata tamaa ya kupona, nimewahi kuzika, lakini sijawahi kuonja uchungu kama ule wa kugundua kwamba mama aliyenizaa ananiogopa. Aliyekubeba mgongoni akiogopa kukwambia ukweli, jua umekwisha kupotea, hata kama unalolipigania ni la haki kiasi gani.

Wiki moja haikuisha, Bi Mwamini akafunga vitu vyake, akapanda gari la mizigo kwenda Kidahwe kwa kaka yake. Mzee Bukuru ndiye pekee aliyembebea mzigo. Aliporudi nilimfuata karakanani kwake, sijui nikitafuta nini. Labda nilitaka anitukane.

"Mwakeye, Mzee," nikamsalimu kwa lugha yake.

Aliendelea kuchonga ubao. Kisha akauliza, "Ulijua?"

Nikaanza, "Mzee, unajua hali ya ziwa ilivyo, na Mwenyekiti..."

"Reka, mwana wanje. Acha hayo. Nimekuuliza: ulijua?"

"Nilijua."

Akaweka tezo chini. "Gervas nimemsamehe nusu, maana yeye anaamini. Anayeamini akikosea, ipo siku utamwonyesha ataona. Wewe umeona kabla ya watu wote. Sasa wewe nikuonyeshe nini?"

Akaokota tezo lake, na mazungumzo yakaishia hapo. Wazee wengine hukukemea saa nzima, neno likakupitia kama maji juu ya jani la mgomba. Yule alinikemea kwa pumzi moja, na bado lipo.

Nikaenda Kidahwe. Nilimkuta Bi Mwamini shambani analima maharage, viganja vimefanya malengelenge. Mikono iliyozoea dagaa haikuzoea jembe. Nilipiga magoti kati ya matuta, nikamwomba radhi, sauti yangu ya chini, nikitazama huku na huku kama kuna mpita njia wa Bangwe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulinitangaza kwa kipaza sauti. Radhi unaniombea kwenye maharage, kwa kunong'ona?"

"Bi Mwamini, kule wakisikia..."

"Watakufanya nini? Watakufanya kama mlivyonifanya mimi?" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nenda ukaseme pale pale uliposema. Ukisema, narudi kwangu, naanika dagaa wangu. Sidai kingine."

Basi hapo ndipo lilipokuwa jambo lote, mwanangu. Nyumba yake, uwanja wake, kazi yake ya miaka, vyote vilikuwa vinangoja ulimi wangu. Niliahidi. Nikarudi.

Jumamosi ikafika. Nikashika kipaza sauti, nikaona nyuso, nikaona vijana wetu wamepanga mstari. Nikasoma matangazo ya kawaida. Nikajiambia, Jumamosi ijayo. Ijayo ikafika nikasema mvua. Ijayo tena, nikasema Mwenyekiti ana homa, si vizuri. Mwoga haishiwi sababu. Niliyemfundisha kila mtu kuogopa macho, sasa nilikuwa nayaogopa mimi kuliko wao.

Wakati huo huo kikundi kikaanza kuoza kwa ndani. Akaja mtu mmoja mgombea, akaziona zile nyumba zenye vitambaa, akamwambia Gervas, "Watu wote hawa wanakutii? Nisaidie, nami nikishinda nitalilinda ziwa lako." Gervas akakubali, tena kwa nia njema. Kiapo cha samaki kikawa kiapo cha kura. Mtu akiuliza maswali kuhusu mgombea anaambiwa ni adui wa ziwa. Yule bwana akashindwa, akaondoka zake, wakubwa wa kikundi wakalaumiana, Gervas akahamia mbali bila kuaga. Asubuhi moja tuliamka, vitambaa vya kijani vimetupwa njiani, vimekanyagwa.

Na unajua watu walifanya nini na ziwa? Wiki ile ile makokoro yalitolewa yalikokuwa yamefichwa, yakakokotwa katika ile ghuba ya mazalia, asubuhi na jioni. Hata waliokuwa wameyaacha wenyewe, kwa hiari, zamani zile za chai, nao walikwenda. Walikuwa wakilipiza. Tuliwafanya waone kwamba ziwa na Macho ya Ziwa ni kitu kimoja, kwa hiyo walipotuchukia sisi wakaliadhibu ziwa. Kulazimishwa huzaa chuki, na chuki haichagui pa kutua.

Ndipo mimi nikasimama. Ndipo! Nilipanda juu ya ule mwamba karibu na uwanja wa Bi Mwamini, nikawaambia watu kila kitu: viraka, kanga ya mama yangu, neno la Gervas sikioni, na kwamba nilijua. Nilipomaliza, mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu wake akasema bila hata kuinua kichwa, "Hayo tulijua siku ile ile, Katibu. Sote tulijua."

Nikampelekea habari Bi Mwamini kwa dereva wa gari la mizigo. Jibu lilirudi kwa mdomo wa huyo huyo dereva, nami nimelibeba hadi uzee huu: "Mwambie nimesikia, na nimemsamehe, Mungu shahidi. Lakini sirudi. Nilimwomba aseme wakati kusema kuna hatari. Sasa amesema wakati hakuna anayekataza."

Hakurudi. Alizikwa Kidahwe. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma, na watu wake wakanipa mkono, hawakunifukuza. Ingekuwa nafuu wangenifukuza.

Sasa nieleze kwa nini nakuandikia. Wiki iliyopita wewe na vijana wenzako wa mtaani mlikuja kwangu na simu, mkanionyesha kikundi chenu cha kulinda milima yetu. Niliwasifu, na sifa zile sizirudishi. Milima imebaki vipara, mvua ikinyesha udongo unashuka mpaka maji ya ziwa yanakuwa rangi ya chai. Mnayosema ni kweli. Kisha mkanionyesha picha ya mama anayeuza mkaa barabarani, uso wake wazi, chini mmeandika: "Tumjue, tumtenge." Mkaniomba nirekodi sauti yangu, eti mzee akisema watu watasikia. Nilikataa, mkaondoka mmenuna. Mmoja wenu akasema, "Mzee naye yuko upande wa mkaa." Nilimsikia. Mlango wangu ni mwembamba.

Mwanangu, siko upande wa mkaa. Niko upande wa yule mama kuulizwa kabla ya kutangazwa. Nendeni kwake kwanza, bila simu, mkae, mpige hodi kama watu. Mumwulize mkaa ule anautoa wapi, na akiuacha atakula nini. Inawezekana ana makosa. Mwambieni, tena kwa ukweli usiopindika. Inawezekana hana, na mtakuwa mmejiepusha na mzigo ambao mimi nimeubeba tangu ujana. Na akiwakatalia, rudini tena. Ndiyo, ni polepole. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zetu ziliishia kwenye ghuba iliyokokotwa tupu.

Jihadharini na haki yenu wenyewe. Mwovu anajua ni mwovu, huiba akijificha. Aliye na haki huumiza mtu mchana kweupe, tena kwa wimbo. Mkiona katika kikundi chenu mtu mmoja anaogopa kusema "hapana", simamisheni kila kitu mpaka aseme. Mkiona utani umekwisha, watu hawawacheki tena, mjue mmekwisha kuwa wa kutisha. Na wewe unayejua kuandika vizuri, wewe unayetunga maneno yanayoshika, nakusihi kuliko wote. Kabla hujalitoa neno, jiulize litamfanya nini mwanamke anayetaka kuinuka kumsaidia mwenzake. Ukiujua ukweli, useme siku ile ile, ukiwa bado unaweza kukuponza. Ukingoja hatari ipite utasamehewa, lakini hutarudisha kitu.

Mungu awape nguvu za kulinda milima na maji haya, na awape mioyo ya kuwalinda waliomo. Awape ndimi nyepesi kukiri na nzito kuhukumu. Ufanye kazi yako, mwanangu, uonekane mchana, wala asiwepo mtu wa kukukimbia. Na mama yako, akiona umekosea, akuite kwa jina lako la nyumbani na akwambie. Amina.